Kofia Juu ya Kete za Haroub

Mdogo wangu Shomari alilileta bao lile nyumbani kwa miguu. Kutoka kiwandani mpaka kwetu Tandika si mbali kwa mtu anayetembea mikono mitupu, lakini yeye alikuwa amelibeba mbele yake kwa mikono miwili, limelala sawa kama sinia la pilau, kete zimo kwenye mashimo yake, na upande mmoja, juu ya kete, imewekwa kofia. Bajaji zilisimama akavuka. Vijana wa bodaboda walimwamkia shikamoo mmoja baada ya mwingine, naye hakuitikia hata mmoja, macho yake yote yako kwenye kete zisihame. Mie nilikuwa barazani kwangu napeta mchele. Nikamwona anakuja, nikajua kiwandani kuna jambo, maana bao lile lilikuwa halijasogezwa mahali pake kwa miaka miwili.

Nyumba yetu ni moja, aliijenga marehemu baba. Mie nakaa vyumba vya mbele, Shomari na mkewe Mauwa wanakaa upande wa uani. Mkubwa ni mie, na Shomari nimembeba mgongoni nikienda kuteka maji. Kwa hiyo haya sikuyaokota barabarani.

Shomari ni mfumaji. Ameingia kiwanda cha nguo akiwa kijana hajaota ndevu, akawekwa kwenye mashine za zamani zile zinazopiga kelele mpaka sakafu inatetemeka. Mtu aliyekaa humo miaka mingi husikia kwa macho. Walikuwa wanazungumza kwa midomo na vidole, mmoja yuko mwanzo wa safu, mwingine mwisho, na wanasengenyana vizuri kabisa bila sauti. Ila akija nyumbani, sauti hakujua kuipunguza. Akiomba chumvi, jirani anadhani mkewe anafokewa. Mauwa alipoolewa alilia wiki nzima, nikamweleza, mwanamwali, huyo hagombi, huyo ndivyo anavyobembeleza.

Rafiki yake mmoja humo kiwandani alikuwa Haroub, fundi wa kutengeneza mashine. Kwao Haroub ni watu wenye asili ya Kiarabu, wenye maduka Kariakoo tangu enzi za babu zao, lakini yeye duka lilimshinda, akapenda grisi. Kila mapumziko ya mchana walikutana karakana ya mafundi, wanatandika bao. Haroub alikuwa fundi wa mashine na fundi wa bao vilevile. Shomari alikuwa anapenda bao tu. Siku alizomshinda Haroub unaweza kuzihesabu, na kila moja tulisimuliwa hapa uani kama harusi. Siku nyingine zote alirudi amekunja uso, anakaa mbele ya chakula anachora mashimo kwenye meza kwa kidole, anamwuliza Mauwa, "Sasa mie pale ningecheza nini?" Mauwa asiyejua bao hata kidogo anamjibu, "Ungekula wali wako ukiwa wa moto."

Bao la wanaume lina maneno yake. Akikaribia kukumaliza mtu hakwambii kwa adabu. Anakwambia leo unakufa, leo sanda yako ninayo, leo nakuzika. Watu wanacheka, kesho wanakaa tena. Na lina desturi zake pia. Mchezaji akiitwa kazini, au akienda kuswali katikati ya mchezo, huvua kofia akaifunika juu ya kete zake. Maana yake, nimetoka, narudi. Hapo hakuna wa kugusa, si mpinzani, si mwenye bao, mpaka mwenye kofia aje aivae.

Siku ile, Shomari alikuwa anashinda. Ndivyo alivyonieleza mwenyewe, baadaye sana. Mstari wa mbele wa Haroub ulikuwa umekonda, na watu walikuwa wamesimama kuzunguka kuona maajabu. Akaja mtu kusema mashine imekwama, fundi anaitwa. Haroub akainuka, akavua kofia yake, akaiweka juu ya kete. Shomari akamwambia mbele ya watu, kwa ile sauti yake, "Nenda, ukirudi nakuzika. Leo leo, kabla ya magharibi." Haroub akacheka, akapita mlangoni kichwa wazi. Akaanguka katikati ya mashine, mkono kifuani. Kwa kelele ile, walioona ni waliokuwa karibu tu. Hospitali alifika ameshakata roho.

Na sie hatuweki maiti. Kabla ya magharibi alikuwa ameshazikwa. Shomari alishika jembe kuchimba, na ndiye aliyeshuka mle ndani kumpokea.

Bao lilibaki karakana kama lilivyoachwa. Hakuna aliyethubutu kutoa kofia ya mtu ambaye hajarudi kuivaa. Mafundi wakayasogeza mabenchi yao pembeni kulipisha, wakalipita kwa heshima, mwisho wakalizoea. Shomari kila mchana alikwenda kukaa upande wake, akala chakula chake pale, akarudi kazini. Nyumbani hakuwa anachora tena mashimo mezani. Tulidhani bao limemtoka. Kumbe alikuwa analicheza lile moja tu, kichwani, siku zote hizo.

Halafu kiwanda kikabadilika. Walikuja wenye mali wapya, mashine za zamani zikakatwakatwa zikauzwa chuma chakavu, zikaletwa nyingine za ng'ambo, zinaendeshwa na vijana wachache waliosomea. Wafumaji wengi walipewa mkono wa buriani. Shomari, kwa ukongwe wake, akabakizwa. Meneja mpya, Leodegar, mtu wa Bukoba mpole, alimpeleka chumba cha kukagua vitambaa. Humo kuna vioo, kiyoyozi, meza yenye taa chini yake, nguo inapita juu, wewe kazi yako kuangalia uzi uliokatika. Kimya kama msikitini baada ya watu kutoka. Wengine wangeshukuru. Mauwa alishukuru, akafanya na sadaka ya mkate wa kumimina.

Kimya kile ndicho kilichomharibu. Mara ya kwanza alimwuliza msichana waliyekaa naye meza moja, nani anacheza bao huko nyuma? Msichana akacheka. Kesho yake akauliza tena. Alikuwa anasikia kete zikiangushwa shimoni, moja moja, taratibu, kwa mwendo wa Haroub, ambaye alikuwa hana haraka hata nyumba ikiungua. Akawa anageuka ghafla. Akawa anapiga kelele kwa ile sauti ya mashine, "Si ucheze basi!" Wasichana wa mle ndani wakaacha kucheka. Wakakataa kubaki naye. Mmoja akaenda kwa meneja kusema mzee yule ana mtu wake asiyeonekana, na siwalaumu, hata mie ningekwenda.

Mambo yako hivyo, ikatoka amri karakana ya zamani ibomolewe. Leodegar akamwita Shomari kwa adabu zote, akamwambia kuna bao lako pale, lichukue kabla tingatinga halijaja. Ndiyo siku hiyo alipokuja nalo barabarani kama sinia.

Akashusha televisheni sakafuni, akaliweka bao juu ya meza ya sebuleni. Akakaa upande wake. Upande wa pili akaweka kiti kitupu. Kesho yake hakwenda kazini, wala kesho kutwa. Alikuwa anakula akiletewa, anatoka kuswali, anarudi pale. Hakulala chumbani, alilala kwenye kochi ameliangalia bao.

Mauwa akaja kwangu mikono kiunoni. "Wifi, mdogo wako kaniletea maiti sebuleni. Mie na yule marehemu tunapishana humo ndani, naogopa hata kufagia."

Nikamwambia afagie, asiguse meza.

Baada ya siku kadhaa Leodegar akaja mwenyewe. Alivua viatu mlangoni, akaniamkia, akakaa. Aliniambia Mzee Shomari amebakiza muda mfupi astaafu, na yeye amemfichia utoro kadiri alivyoweza, lakini wenye mali wana macho. Jumatatu asipoonekana atahesabiwa ameacha kazi mwenyewe, na nafasi itapewa mtu. Alichungulia sebuleni, akamwona amekaa. Akamsalimia. Shomari akamwitikia vizuri tu, akamwomba asimame kando, anaziba mwanga. Leodegar akaondoka anafuta jasho.

Ilikuwa Alhamisi. Mie sikuogopa kazi kupotea, kazi zimepotea nyingi nikiona. Niliogopa mdogo wangu kupotea na mwili wake ukiwa umekaa pale.

Jioni ile nikaenda kukaa naye. Nilimwuliza, unangoja nini? Ndipo akanieleza yale maneno ya kuzika, ambayo miaka miwili hakumweleza mtu. Akasema, "Dada, alikwenda na maneno yangu masikioni. Sasa anataka zamu yake acheze. Mie siwezi kumchezea, na siwezi kulifumua bao. Kofia yake hiyo hapo."

Nikaitazama kofia. Niliinama, sikuigusa. Ilikuwa kofia ya kushona kwa mkono, ya vitundu vidogo vidogo, kazi ya mwanamke mwenye macho mazuri na mapenzi ya kutosha. Mama yetu alikuwa akizishona, najua kofia moja inakula miezi. Nikajua mkono ule. Ulikuwa wa Nunu, mjane wa Haroub.

Na hapo ndipo nikakumbuka kwamba Nunu, akiwa edani, alimwuliza kila aliyeingia kama ameiona kofia ya mumewe. Hospitali walimrudishia shati, mkanda na viatu. Kofia hakuna. Wanawake tukajua imepotea, tukampa pole. Wanaume walijua iko wapi siku zote, ila kwao ile haikuwa imepotea, ilikuwa imekaa mahali pake, kuna haja gani ya kusema? Hakuna aliyemwuliza mwenzie. Eda ilipokwisha Nunu akahamia Tabata kwa kaka yake, tukabaki kusalimiana kwa simu sikukuu kwa sikukuu.

Jumamosi asubuhi nikamfuata Tabata. Amekonda. Nikamwambia bila kuzunguka, kofia ya Haroub iko nyumbani kwetu, kwa Shomari, na Shomari hali yake si nzuri. Akaingia ndani, akatoka amevaa baibui, akatangulia yeye barabarani.

Tulipofika, Shomari alisimama kumpokea, akamwamkia kwa heshima. Nunu akamtazama, akalitazama bao, akavuta kile kiti kitupu, akakaa. Mauwa alishika mdomo. Mie nilimwona Shomari anataka kumzuia, mkono ukaishia njiani.

Nunu akasema bismillahi, akaitwaa kofia.

Aliigeuza ndani nje. Akatafuta mahali fulani kwa ukucha, akapapata. Hapo ndipo uzi mweupe ulipomwishia akishona, akamalizia kwa wa rangi ya maziwa, yeye peke yake ndiye aliyekuwa anajua. Akaishika pale kwa muda.

"Kumbe ilikuwa huku," akasema.

Akaigeuza tena nje.

"Nilijua iko kwa mwanamke. Katoka kwangu asubuhi kaivaa, hospitali hana. Mwanamume anavua kofia alipotulia. Nikasema kabla ya kazi alipitia mahali, huko alikopitia ndiko kulikomsimamisha moyo. Kila aliyelia sana msibani nikamtilia shaka. Hata wewe, Dada Mwamvita. Ulilia sana, wewe."

Nikamwambia mie hulia misiba yote vile, aulize watu. Kicheko kikamponyoka Mauwa, akajifunika kanga usoni.

Shomari hakucheka. Alisema kwa ile sauti yake kubwa, kama anavuka mashine zote zile, "Mimi nilimwambia namzika. Leo leo, kabla ya magharibi. Na nikamzika."

Nunu akamtazama kama mtu anayeambiwa habari aliyokuwa nayo zamani. "Si ulikuwa unamzika kila siku? Alikuwa akirudi, namwuliza, leo vipi? Ananiambia, leo Shomari kanizika tena kwa mdomo, hebu mpe marehemu wali wake. Mpaka mie nikawa namwita marehemu, yu hai. Sasa na mie ndiyo niseme nimemuua?"

Shomari alikuwa ameinamisha kichwa, nikadhani analia. Kumbe alikuwa anatazama mashimo yaliyokuwa chini ya kofia. Miaka miwili hakuyaona. Pale ilipokuwa kofia, ubao ulikuwa safi, unang'aa, na kwingine kote ni vumbi na pamba ya kiwandani.

"Tatu," akasema.

Nikamwuliza tatu nini.

"Shimo hili. Nilikuwa najua lina mbili. Siku zote nimecheza kichwani lina mbili." Akanyoosha kidole, hakugusa. "Likiwa na mbili hana pa kwenda, nammaliza. Likiwa na tatu..."

Nunu akamwambia amchezee mumewe. Shomari akasema haifai, zamu ni ya Haroub. Nunu akaweka kofia kwenye mapaja yake, akamjibu kwamba kofia ameshaitoa mwenye haki ya kuitoa, na yeye bao halijui, kwa hiyo kama kuna mtu wa kuinua kete zile, basi ni Shomari aliyekuwa anazitazama.

Shomari akazinyanyua zile kete tatu. Moja ikamponyoka, akairudisha. Akaangusha ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ya mwisho ikaangukia shimo lenye kete, mbele yake limekaa shimo lake Shomari lililoshiba kuliko yote. Akazila, yaani akala kwa niaba ya Haroub. Akazisambaza, zikala tena. Alikuwa anakwenda taratibu, moja moja, na nikaona Mauwa anarudi nyuma kidogo kidogo mpaka akagusa ukuta, maana mwendo ule haukuwa wa Shomari. Shomari ana pupa. Sisemi zaidi ya nilichoona. Mkono ulikuwa wake, mwendo haukuwa wake.

Ulipotulia, mstari wa mbele wa Shomari ulikuwa mtupu. Hamna hata kete moja.

"Kanila," akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo, sijapata kuisikia hivyo tangu alipokuwa mtoto. "Alipokuwa anacheka vile, alikuwa ameshaona. Alikuwa anakwenda kutengeneza mashine, arudi anile."

Halafu akainuka, akaenda uani, akafungua bomba. Tulisikia anajimwagia maji kichwani na nguo zake zote.

Nunu hakukaa kula. Nilimsindikiza mpaka kituoni, kofia ameiweka kifuani ndani ya baibui. Njia nzima hakuongea ila mara moja. Alinieleza kwamba tangu siku ya mazishi hajakanyaga kaburini. Watu wa kwao walimwambia wanawake wasiende, akafurahi kupata sababu. Hata dua alikuwa akiwaombea wafu wote kwa jumla, jina la Haroub analiruka.

Jumatatu nikaamka kabla ya adhana. Nilikaa barazani nikijifanya nachambua maharage, na maharage yenyewe nilikuwa nimeshayachambua jana. Shomari alitoka amevaa shati la kazini, kibegi begani. Akaniamkia. Nikamwitikia marahaba, sikuongeza neno, nikihofia neno litamrudisha ndani. Alifika kona ya msikiti akasimama, akawa kama anayesikiliza kitu nyuma yake. Kisha akavuka barabara.

Saa sita Leodegar akanipigia kwamba Shomari amefika, na yuko mezani anakagua. Nikamwuliza kama ametulia. Akasema ametulia, ila kawaomba wasichana wamwashie redio.

Nikampigia Nunu nimpe habari. Aliposikia Shomari kaenda kazini, alishusha pumzi. Nyuma yake kulikuwa na upepo mtupu, hakuna gari wala mtu. Nikamwuliza yuko wapi. Akasema yuko makaburini, upande wetu wa Temeke, tangu asubuhi.

"Silioni, Dada. Mvua za mwaka huu zimeangusha vibao, nyasi zimefika kiunoni. Nimezunguka mpaka miguu imekwisha. Yote ni sawasawa."

Nikamwambia lile kaburi Shomari amelichimba kwa mikono yake, analijua hata akifumba macho. Anatoka kazini saa kumi, nitamwambia apitilize huko moja kwa moja. Yeye atafute mahali akae, amsubiri.

Nikasikia nyasi zikichakarika, kama anageuka huku na huku.

"Nikae wapi?" akasema. "Naogopa nisije nikawa nimemkalia."

Nikamwambia asimame hapohapo alipo, asipige hata hatua, mpaka mdogo wangu afike.